Jina la Mwandishi

"Dada, kile kitanda bado hakijatoka?" Kitinda aliuliza akiwa mlangoni, nywele zimemjaa vumbi la mbao.

"Mtandao unasumbua," dada yake akajibu bila kugeuka.

Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Ukurasa wa kitanda cha mtoto alichokichonga baba yao, uliopigwa picha na kuandikwa na Kitinda, ulikuwa ndani ya mfumo tangu juzi ukisubiri idhini yake. Hakuna kilichotokea kwenye tovuti ya karakana bila yeye kukubali. Ndiye aliyeijenga, akaweka kila meza na kila kabati, mpaka mafundi wakambandika jina la Dada Tovuti. Baba hakuwahi kusema hata ahsante. Halafu huyu mdogo wake akaja na simu yake, akapiga picha kiti kilekile cha kila siku, na mzee akawa haishi kuwaonyesha wateja: "Hebu oneni, binti yangu ana kipaji!"

Kipaji!

Aliufungua ukurasa tena. Picha zilikuwa nzuri, na hapo ndipo wivu ulipomchoma. Mwanga wa dirishani ulikuwa umelala juu ya mbao, ungedhani mtoto ameinuliwa humo kitandani sasa hivi. Angeweza kuufuta wote. Badala yake alishuka hadi kwenye kisanduku cha mwandishi, akaliondoa jina la mdogo wake, akachagua lake. Akabonyeza "Chapisha".

Kufika mchana simu ya karakana ilikuwa haipumziki kuita. Baba akaingia ofisini, randa bado mkononi, akainamia skrini na kusoma jina lililokuwa chini ya kichwa cha habari.

"Kumbe ni wewe, mwanangu? Na mimi nimelala tu! Hongera sana, mama."

Miaka yote alilisubiri neno hilo. Sasa limekuja, akatamani ardhi ipasuke immeze. Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya baba. Alisoma skrini, akamtazama dada yake, akasoma tena.

"Hongera, dada," akasema taratibu, akarudi kwenye mbao zake.

Dada Tovuti akakibonyeza tena kile kisanduku cha mwandishi. Yakashuka majina mawili tu, lake na la Kitinda. Kule nje msasa ulikwaruza, ukanyamaza, ukakwaruza tena. Baba alikuwa bado amesimama palepale, anatabasamu, mkono wake begani mwa bintiye.