Wanawake Sita wa Bibi Dalip

Kabla mashine haijakubali kushika hata kikohozi cha mtu, ilitaka kwanza ipewe kanda tupu na iachwe ijitengenezee njia. Kanda yenyewe ilifanana na ile ya video, pande la plastiki nyeusi. Tarlochan aliitia mdomoni mwa mashine, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na mashine ikaanza kujiandikia alama zake za saa kimyakimya, kutoka mwanzo wa kanda mpaka mwisho. Haiharakishwi. Ukiikatiza katikati umejipa kazi mara mbili. Kwa hiyo kila kazi mpya ilianza na Tarlochan kukaa peke yake kwenye chumba cha vioo, akirekodi kisichokuwepo. Anakunywa chai, inapoa, anaagiza nyingine.

Zamani haikuwa hivyo. Wapigaji muziki wa mji wa Jalandhar walikuwa wakija studio wote kwa mkupuo: wa ngoma, wa harmonia, wa tumbi yenye uzi mmoja, mwimbaji na binamu zake wasio na kazi. Wanajazana chumba kimoja mbele ya maiki mbili, na akikosea mmoja wanarudia wote, huku aliyekosea akitukanwa ukoo mzima. Chumba kilinuka jasho na vitunguu, na Tarlochan alilalamika kila siku ya Mungu. Halafu ikaja mashine ya njia nane, kila njia na sauti yake. Sasa wa ngoma huja Jumatatu, wa tumbi Jumatano, mwimbaji akipata nafasi. Kila mmoja anavaa hedifoni, anapiga kipande chake, anakwenda zake. Ukiwasikiliza kwenye kanda utadhani wameshikana mabega, kumbe hata salamu hawajapeana. Na aliyembembeleza mwenye studio ainunue mashine hiyo ni Tarlochan mwenyewe. Alitaka kazi safi, akaipata, na upweke akapewa kama nyongeza.

Nyumbani nako hakukuwa na la kukimbilia. Kaka zake wote walikuwa Uingereza. Mama yake alikwisha kufa. Mke hakuwahi kumpata, kwa sababu katika wilaya ile msichana haulizi kama mchumba ana akili au ana ng'ombe, anauliza kama ana pasipoti.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeziba barabara, na kanda ilikuwa bado inajiandaa, mlango uliposukumwa na kiatu. Aliingia mwanamke mzee mwenye dholki, ngoma ndogo ya kike, kwapani, imeviringishwa kwenye shali kama mtoto mchanga, na kopo la pinni, vitamu vya unga na samli, mkononi.

"We ndo fundi?"

"Ndiye mimi, Bibi. Karibu."

"Mimi Dalip Kaur. Nimeambiwa una mashine inayomfanya mtu mmoja awe wanane."

"Inategemea na mtu, Bibi."

"Mtu ndo huyu. Na usinitazame miguu, mwanangu, naimba kwa mdomo."

Alikaa bila kukaribishwa, akafungua kopo, akamtilia Tarlochan pinni mdomoni kabla hajaeleza shida yake. Mjukuu wake Harlin anaolewa Kanada. Bibi aliomba viza, akakataliwa.

"Kijana wa dirishani ananiuliza, 'Bibi, ukienda utarudi?' Nikamwambia nitarudi, nina ngano shambani. Hakuniamini! Mimi, nisiyewahi kulala nje ya kijiji ila kwenye harusi!"

Basi kama mwili umekataliwa, sauti iende. Mtoto wa jirani alikuwa anasafiri Jumapili, naye amekubali kubeba kaseti. Bibi alitaka zile nyimbo ambazo wanawake wa upande wa bibi harusi huziimba wakati wageni wa mume wanakula, nyimbo za kuwatukana kuanzia bwana harusi mwenyewe hadi shangazi yake.

"Harusi ambayo bwana harusi hajatukanwa si harusi, ni mkutano," alisema. "Watasema mtoto wetu hana kwao. Kwamba katoka kwenye nyumba isiyo na wanawake."

"Sasa waitikiaji wako wapi, Bibi? Ungekuja nao."

Bibi Dalip alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mtu anayeonekana kuwa na akili. Kijijini kwake kulikuwa na majumba ya ghorofa, juu ya mapaa matangi ya maji yaliyojengwa kwa umbo la ndege ya abiria, milangoni makufuli, ndani popo, wenyewe wako ng'ambo.

"Waitikiaji ndo nimekuja kuwatengeneza," alisema.

Wakaanza na ngoma. Bibi alikaa chini, akaiweka dholki chini ya goti, na kwa mkono mmoja akawa anagonga ubao wake kwa kijiko, kama wanawake wafanyavyo. Hiyo ikaingia njia ya kwanza. Kisha Tarlochan akawasha njia ya pili, taa yake nyekundu ikaanza kukonyeza, akamwambia Bibi aimbe sauti yake mwenyewe, ya kuongoza.

"Niongoze nani? Mbona hakuna anayeitikia?"

"Waachie nafasi. Imba mstari wako, halafu nyamaza kiasi ambacho wao wangeitikia. Tutawatia baadaye."

Bibi alitikisa kichwa, akaona ni wazimu, akaimba. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na iliujua wimbo kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani:

*Mama wa bwana harusi, tumbo kama gunia,*
*tumempa sahani, sufuria kaikimbilia!*

Akanyamaza. Ndani ya kunyamaza kule alikuwa akitabasamu, akigeuza shingo huku na huku na kuinua nyusi, kana kwamba kuna watu wamekaa kushoto na kulia kwake. Kwenye chumba cha vioo, taa za sauti zilishuka mpaka chini kabisa, zikabaki hapo mpaka alipoanza mstari wa pili.

Njia ya tatu Tarlochan alifikiri itakuwa kazi nyepesi: mzee arudie kiitikio, basi. Lakini hakikufika mbali, Bibi akapiga kofi hewani.

"Simamisha! Huyo si Melo. Melo anaimbia puani."

Akabana pua kidogo, akawa Melo, ambaye siku hizi anaishi Birmingham kwa mwanawe. Tarlochan akaizima taa ya Melo, akawasha ya njia inayofuata, maana ukisahau kuzima, anayekuja anamfuta aliyetangulia. Akaja Banto, ambaye alifariki msimu wa mpunga, na ambaye maishani mwake hakuwahi kuanza mstari pamoja na wenzake. Bibi alichelewa kila mstari kwa makusudi. Akaja Karmi, aliyekuwa na watoto wachanga miaka yote na hivyo daima alikaa karibu na mlango. Kwa ajili yake Bibi alisogea mpaka mlangoni, akaimba akiwa ameipa maiki mgongo. Taro hakuwahi kujua maneno, alidaka neno la mwisho tu na kulivuta. Shindo, aliyehamia Italia na mumewe, alicheka kabla tusi halijaisha.

"Alikuwa anatuharibia," Bibi alisema, akifuta macho kwa kicheko cha Shindo. "Tusi halijafika, yeye kashacheka! Tulimfinya mpaka tukachoka."

Tarlochan naye alicheka, kule nyuma ya kioo, peke yake. Ilimpitia akilini kwamba kwa miaka hii yote amewatenga watu waliozoea kuwa pamoja, na leo ni mara ya kwanza mashine inawakusanya waliotengana.

Ilikuwa imebaki njia moja, ya Jindo, simu ilipolia. Ni mwana wa Bibi kutoka Kanada. Mama yake alimwachia namba ya studio kwa sababu simu ya kijijini ilikuwa imekufa na ukungu. Tarlochan akamletea mkonga wa simu wenye waya mrefu, akajifanya anasafisha meza.

"Ee, baba... bado niko huku huku. Karibu tunamaliza... Nani? DJ?" Akasikiliza. "Ana nyimbo zote? Na zile zetu?... Aa." Alikung'uta makombo ya pinni mapajani. "Hawatazielewa... Hapana, sijachoka, nichoke nini? Nimekaa tu. Nenda kalale, huko usiku."

Akaurudisha mkonga taratibu, akauangalia kama umekaa sawasawa.

"Wana DJ," alisema. "Na mama wa mume ni daktari. Mwanangu anasema ni watu wa heshima, watajisikia vibaya."

Tarlochan aliacha kusafisha meza.

"Sasa we niambie. Asiye na heshima utamtukana nini? Si mwenye heshima ndo anatukanwa! Kaseti nisiitume, kasema. Nisimsumbue mtoto wa jirani."

Tarlochan alimchukia mtu yule ambaye hakuwahi kumwona, akamchukia kwa moyo wote. Halafu akakumbuka kwamba kaka zake nao humwambia hivyo hivyo, kwa upole hivyo hivyo: usijisumbue.

"Nizime, Bibi?"

Bibi Dalip alikuwa ameivua hedifoni, ameishika mapajani. Nywele zilizokuwa zimebanwa na hedifoni zilisimama upande mmoja, na ghafla alionekana mzee kuliko alipoingia.

"Kabaki nani?"

"Jindo peke yake."

"Jindo akisikia niliwaita wote yeye nikamwacha, atanisema mpaka nife, kuni za kunichomea zinishike." Akaivaa tena. "Washa."

Ila Jindo alimshinda. Jindo ndiye aliyekuwa na koo la kweli, alipanda kule juu ambako wengine hawakuthubutu. Bibi alijaribu, sauti ikapasuka. Akajaribu tena, ikapasuka pale pale. Mwishowe akaimba chinichini, karibu kunong'ona.

"Basi siku hiyo Jindo ana mafua," alisema.

Tarlochan akarudisha kanda nyuma, akamwita Bibi chumba cha vioo, wakakaa bega kwa bega mbele ya mashine, kopo la pinni katikati. Akampandisha huyu, akamshusha yule, Karmi akamwacha mbali kidogo, kisha akabonyeza. Wanawake wakaingia chumbani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini hapa kidole kimoja kilikuwa kimejizidisha kikawa kiganja, na chawa hakuwa na pa kukimbilia. Kulikuwa na fujo ya harusi yenyewe, mmoja kachelewa, mwingine kawahi, kijiko kinagonga. Karmi alipoitikia, Bibi aligeuka akatazama mlangoni. Alilia waziwazi, bila kujifunika kwa shali, na Tarlochan alimwacha alie kwa sababu naye hali yake haikuwa nzuri.

Wimbo ulipokwisha, Bibi alijipangusa.

"Sasa niondoe mimi."

"Nini?"

"Si unaweza kumnyamazisha mmoja? Ninyamazishe mimi. Njia ya pili. Halafu unitilie hao wengine kwenye kaseti."

"Bibi, wewe ndiye kiongozi. Nikikutoa, wataitikia nini?"

"Dalip ninaye, mwanangu. Niko naye pale nyumbani kutwa, namsikia mpaka amenichosha. Hao ndo sinao."

Tarlochan alikiweka kidole juu ya kitufe cha njia ya pili, akakiacha pale kwa muda. Kisha akabonyeza. Akapitisha wimbo wote kwenye kaseti ya kawaida, ya kuchezwa kwenye redio ya jikoni, na kila mahali palipokuwa na sauti ya Bibi pakabaki ngoma na kijiko, vikimngoja.

Bibi hakuiamini mpaka aijaribu. Alirudi chumba cha kuimbia, Tarlochan akaiweka kaseti na kumfungulia spika. Ngoma ikaanza. Bibi akarusha mstari, nao sita wakaudaka. Akarusha wa pili akinyoosha kidole mbele, mahali pa wageni wa mume, ambapo palikuwa na ukuta uliotundikwa magodoro ili sauti isirudi. Katikati ya mstari wa tatu akanyamaza. Wanawake wakaitikia bila yeye.

"Natukana godoro," alisema.

Tarlochan hakuwahi, tangu mashine ije, kutoka kwenye kioo wakati sauti inaendelea. Alitoka. Alifungua mlango wa katikati, akaenda akasimama mbele ya magodoro, akakiweka sawa kilemba, akafunga mikono mbele kama mkwe mwenye adabu.

"Haya, Bibi. Upande wa mume ndo huu umefika. Nitukane."

Bibi alimpima kutoka kilembani hadi viatuni.

"Bwana harusi gani huyu, ana mvi kuliko baba mkwe?"

"Ndiye aliyepatikana."

"Jina la mama?"

"Harnam Kaur."

Hakuhitaji zaidi. Harnam Kaur, aliyelala njaa mara nyingi ili wanawe wasome, akaimbwa kuwa mlafi aliyeficha vitamu vya laddu kwenye soksi. Dhahabu yake ikawa shaba. Farasi wa mwanawe akawa wa kuazima, na farasi ana haya kuliko aliyempanda. Shindo alicheka mapema, Banto alichelewa, na Tarlochan akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yakimtoka, kwa sababu jina la mama yake lilikuwa halijatajwa mbele yake na mtu mwingine kwa muda mrefu mno. Aliomba kaseti isiishe. Ikaisha, na spika zikabaki na mvumo wake.

Bibi Dalip aliiviringisha dholki kwenye shali, akaitia kaseti kifuani. Alitaka kuwahi basi kabla ukungu haujashuka tena.

"Na kesho, Bibi?" Tarlochan aliuliza. "Kule nyumbani utamtukana nani?"

"Nina nyati mmoja. Ana kiburi kama mama mkwe. Nitamfunga uani, nimwekee redio dirishani."

Tarlochan alicheka. Bibi Dalip hakucheka. Mikono yake ilikuwa imejaa, naye alikuwa amesimama akisubiri afunguliwe mlango.