Noti Nyeupe Hainyamazi

TANGAZO
Kikundi cha tarumbeta cha usharika kinahitaji mpigaji wa besi kwa ibada ya Pasaka, alfajiri, makaburini. Mwenye nia afike mazoezini Jumamosi. Awe anasoma noti za mistari mitano. Wanaojua solfa tu wasijisumbue.

1
Mimi nikajisumbua. Aikande, msusi, mwanakwaya tangu utotoni. Solfa, zile do-re-mi za herufi, naisoma kama jina langu. Besi hiyo alikuwa akiipiga mama. Siku ya kumzika, tarumbeta zilimsindikiza bila besi, maana mpigaji ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza. Pasaka hii nataka aisikie. Nataka, na simbembelezi mtu.

2
Benchi la nyuma, Jumamosi:
— Mbona besi imekatika?
— Amelala?
— Haya, soprano nao wamepotea!

3
Ngoja nijitetee kwako, msomaji. Kwenye solfa, pakiachwa wazi, unanyamaza. Sasa nakutana na duara jeupe, ndani halina kitu, hata mguu halina. Nikanyamaza. Wewe ungefanyaje?

4
Mwalimu Elisaria, kiongozi wa tarumbeta, alicheka mpaka akavua miwani.

"Dada Aikande, hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Mapigo manne! Ikiota mguu inabaki nusu, mapigo mawili. Ukiijaza wino ni robo, pigo moja. Ukiitia mkia, nusu ya pigo."

"Yaani inavyozidi kupambwa ndivyo inavyopungua?"

"Ndivyo. Na Jumamosi ijayo ukininyamazia tena, besi nampa mwingine."

Hapo hakucheka.

5

nzima
nusu                nusu
robo     robo     robo     robo

Piga mstari wa tatu kwa makofi. Mtu mwingine aimbe wa kwanza, "aaa" moja tu, asikate. Mkimaliza pamoja, umeelewa. Mimi ilinichukua wiki nzima, tena ya hasira.

6
Mteja wangu, kichwa mikononi mwangu:

"Unanisuka au unanihesabu?"

"Vyote. Tulia."

Fungu moja la nywele naligawa mawili. Mawili nayagawa manne. Hakuna unywele uliopotea, fungu ni lilelile. Nikaacha kusuka, nikacheka peke yangu. Mteja akaomba kioo.

TAARIFA KWA WANAKIKUNDI
Aikande atapiga besi Pasaka, kwa majaribio. Nafasi ya kudumu itaamuliwa baada ya ibada.

Majaribio.

Sawa.

7
Alfajiri. Umande makaburini, watu wamejaa, wengine na vitenge mabegani kwa baridi. Kaburi la mama liko upande wangu wa kushoto, silitazami. Mkono wa Mwalimu umepanda. Kwenye karatasi, duara jeupe.

Moja.

Napuliza. Trompeti, tarumbeta ndogo za soprano, zinakimbia juu yangu, noti zao nane ndani ya moja yangu, na hakuna aliyepotea.

Mbili.

Mama, wote hawa wamesimama juu ya pumzi yangu.

Tatu.

Mapafu yanauma. Sikati.