Watu Watatu wa Kwenda Ziwani

Asubuhi ya sikukuu ya Wabelgiji, lori liliondoka Kabambare saa kumi na mbili likiwa limejaa watu, kuku, masufuria ya wali na ngoma mbili. Subira aliketi juu ya gunia la mchele, mtoto mgongoni, kikwembe kipya kiunoni, na furaha imemjaa hadi akashindwa kula. Siku hiyo moja kwa mwaka, watu weusi waliruhusiwa kupanda mlimani kustarehe kando ya ziwa ambalo kampuni ya dhahabu ililitengeneza kwa kuziba mto. Siku nyingine zote lilikuwa la wazungu na mashua zao.

Mfukoni mwa mumewe, Alimasi, mlikuwa na karatasi ya ruhusa: watu watatu. Subira, Alimasi, na Mama Hawa, mama yake Subira, ambaye safari hii wangerudi naye. Nyumbani kitanda chake kilikuwa kimeshawambwa kamba mpya. Mtoto hakuhesabiwa. Kwao, mtoto ambaye bibi yake mzaa mama hajampa jina hahesabiwi, maana kumhesabu ni kumtafutia balaa. Karani wa kampuni alipouliza ni wangapi, Subira alijibu watatu, akashukuru, akatoka.

Mama Hawa aliishi chini ya ziwa. Maji yalipopanda miaka sita iliyopita, alisema hawezi kuacha makaburi ya watu wake, akafunga mlango. Majirani kadhaa walifanya vivyo hivyo. Kila adhuhuri moshi wa majiko yao ulitoka majini, na wazungu walilalamika kwamba unawawasha macho. Mwaka uliopita Mama Hawa alikubali kwamba unyevu umemshinda; magoti yalikuwa yanamuuma. Ila mtu wa chini hakutoka bila kuandikwa.

Walifika saa nne. Ngoma zilianza kabla lori halijasimama vizuri. Subira hakungoja wali. Alivua viatu, akaishika njia ya zamani, Alimasi akimfuata, mpaka ilipoingia majini, akapiga hodi.

"Karibu! Muingie, mulango iko wazi!" sauti ilijibu kutoka chini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Hawa aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo, akamkumbatia bintiye, akamtania Alimasi kwamba amenenepa kama padri. Kisha akamlaza mtoto kwenye ungo, akamrusha kidogo mara tatu, akatamka: "Kassimu." Wanawake wa chini wakapiga vigelegele, mapovu yakapanda hadi juu, na mzungu mmoja ndani ya mashua akayapiga picha. Subira alicheka hadi akatoa machozi. Walikula, wakacheza, wakafunga mizigo ya mama.

Saa kumi filimbi ikalia. Wakapanda njia, Mama Hawa nyuma, furushi kichwani. Pale njia inapotoka majini palikuwa na lango, na langoni alisimama mlinzi, Hippolyte, mzaliwa wa kijiji hichohicho. Aliisoma karatasi, akamtazama mtoto.

"Mutoto iko na jina?"

Alimasi akaangalia miguu yake. Hippolyte aliijua mila. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Subira akafungua mdomo alitamke, ingawa kila mtu alijua kwamba jina likikanwa siku lilipotolewa, halirudi tena.

"Usimukane mutoto," Mama Hawa alisema, maji yakiwa kiunoni. Akamgeukia mlinzi. "Iko na jina. Anaitwa Kassimu."

"Basi wametimia watatu," alisema Hippolyte, akaandika.

"Mwaka kesho nitaomba ya watu wane," Subira alisema.

"Ya wane haiko, dada. Karatasi moja, watu watatu. Kampuni ndiyo ilipanga."

"Na karatasi mbili?"

"Jamaa moja, karatasi moja. Hata mwenye kubaki nyumbani anahesabiwa."

Mama Hawa akateremsha furushi, akatoa mkeka wa kumlalishia mtoto, akampa bintiye. Akawahimiza waende, lori lisiwaache. Hippolyte akavua kofia kwa heshima, akamwambia, "Ulale muzuri, mama," akafunga lango kwa mnyororo.

Mlimani juu watu walikuwa bado wanaimba. Subira alisimama palepale na mtoto kifuani, akilia waziwazi. Mama Hawa alirudi kinyumenyume ili aendelee kuwaona, akimwita mjukuu wake kwa jina, Kassimu, Kassimu, mpaka maji yakamfika mdomoni.