Fundi Aliyezima Boila

Asubuhi aliyofariki, mume wangu alikuwa ameshanyoa ndevu na kuvaa shati la kola kwa ajili ya usuluhishi. Mimi nilikuwa nasuuza vikombe. Chai ikaanza kupanda kwenye sufuria, nikasubiri aje apunguze moto, maana ndivyo alivyokuwa: hakuweza kusikia kitu kinachemka akaendelea kukaa. Hakuja. Chai ikamwagika.

"Fundi, utachelewa," nikamwita.

Nilimkuta kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Daktari alisema ni moyo.

Kila mtu alimwita Fundi, hata mimi. Hatukujaliwa mtoto wa kutubadilishia majina.

Alikuwa mwendesha boila, mtambo wa kuzalisha mvuke, kwenye kiwanda cha sabuni. Mkataba wake ulikuwa na bonasi: boila ikifanya kazi mwaka mzima bila kusimama kwa uzembe wake, alipwe. Mwaka ulikuwa ukingoni pampu ya maji ilipokufa. Boila ikikauka huku moto unawaka inaweza kulipuka na kuondoka na watu. Fundi akaizima. Sabuni ikagandia kwenye matangi, msimamizi akafoka, na bonasi ikazuiwa. Sababu waliyoandika ni uzembe.

"Wangeninyima hela tu, ningenuna yakaisha," aliniambia. "Lakini wameniita mzembe." Ndipo akafungua shauri dhidi ya kiwanda.

Mtu mwingine aliyeiona pampu ile ikifa ni msaidizi wake, ambaye walimpachika jina la Redio kwa sababu hazimiki. Kwenye msiba Redio alibeba viti, akawachekesha hata waliokuwa wanalia. Nilipomuuliza kama atakwenda kueleza alichokiona, akawa anapanga viti vilivyokwisha kupangwa.

"Shemeji, mimi bado nakula pale," akasema. "Na watoto wanakula kupitia kwangu."

Sikumlaumu. Baada ya mazishi hakurudi tena. Wengine nao walipungua, kila mtu na shughuli zake. Nyumba yetu ya vyumba viwili ikawa kubwa. Nilikuwa nawasha taa ya chumba ambacho sina kazi nacho, kisha naizima.

Usuluhishi ulipopangwa upya, nilikwenda na shemeji yangu, kaka yake Fundi. Kulikuwa na meza ndefu, feni iliyokuwa ikipeperusha karatasi, na msuluhishi aliyezikandamiza kwa simu yake. Afisa utumishi wa kiwanda aliinuka kunipa mkono.

"Pole sana, mama. Kampuni imeona ikushike mkono. Utapewa kiasi kile kile cha bonasi, chote, kama rambirambi. Wewe utasaini tu kwamba shauri limekwisha."

"Na ule uzembe?"

"Hayo tusiyafukue, mama. Marehemu ameshapumzika."

"Amepumzika akiwa mzembe?"

Msuluhishi akajifanya anasoma. Shemeji akaninong'oneza, "Shemeji, chukua. Dukani hawaulizi hela inaitwaje."

Alikuwa sahihi. Kodi ya nyumba ilikuwa inanisubiri, na afisa yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameniletea hata maji ya kunywa. Nikaishika kalamu. Nikamwona Fundi akiwa na kiatu mkononi, amenyoa vizuri, anakwenda kueleza kwa nini alizima.

"Rambirambi ni ya kifo chake," nikasema. "Mimi nimefuata ya kazi yake."

Sauti yangu ilitoka ndogo mpaka msuluhishi akaniomba nirudie. Nikarudia, nikairudisha kalamu mezani.

Shemeji alinisindikiza hadi kituo cha basi akiangalia chini. Nadhani alikuwa anapiga hesabu za maisha yangu. Mimi pia nilikuwa nazipiga. Basi lilipofika alisema, "Nyinyi wawili mlipatana kweli," nikashindwa kujua kama ananisifu au ananisema.

Jioni nilibandika chai nikaenda kuanua nguo. Niliisikia ikichemka kutoka uani. Nikasimama na nguo mkononi, nasikiliza, mpaka ikamwagika na kuzima jiko. Halafu nikaingia kupangusa.

Shauri sasa limepelekwa kwa mwamuzi. Jina la mlalamikaji limebadilishwa, ni langu. Litasikilizwa mwezi ujao, na Redio hajasema kama atakuja.