Picha ya Kizazi cha Saba

Uvumi ulimfikia fundi cherehani akiwa na pini tatu mdomoni, anapunguza sketi ya muuza mkaa. Muuza mkaa, aliyesimama juu ya stuli, alisema kwamba huko kwenye shamba la ng'ombe alikoolewa bintiye fundi, mzee mwenye shamba ameleta mashine ya picha, kama ile ya kupimia wajawazito hospitali, na kwamba siku hizi haipimi ng'ombe peke yao.

"Geuka," alisema fundi.

"Nimegeuka. Ila shoga, mimi sikuwepo, nimesikia tu."

"Waliokwambia walikuwepo?"

"Nao wamesikia."

Fundi alimcheka, akamaliza upindo. Lakini neno lile lilimganda kama uzi mweupe kwenye nguo nyeusi. Kwa siku tatu alishona mikono ya mashati nyuma mbele. Siku ya nne, Jumatano, alifunika cherehani akaenda.

Aliwakuta kwenye ile njia nyembamba ya mbao ambamo ng'ombe husimamishwa mmoja mmoja. Mpimaji alivaa glavu ndefu mpaka begani, mkono wote umezama ndani ya mtamba mweusi, macho kwenye skrini. Mzee alisimama kando yake. Bintiye fundi, mimba ya miezi mitano, alishika waya wa mashine usikanyagwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Kwenye skrini alionekana ndama amejikunja. Mpimaji alizungusha kitufe, na tumboni mwa ndama akaonekana mwingine, mkubwa, anatembea. Ndani ya huyo, mwingine tena. Wakaenda hivyo mpaka wa saba, aliyesimama kwenye banda jipya. Mkamuaji wake, ambaye bado hajazaliwa, alikuwa anapiga miayo.

"Lita ishirini na mbili," alisema mpimaji. "Miguu ya nyuma imetulia."

"Kijani," alisema mzee.

Mtamba akapuliziwa rangi ya kijani mgongoni. Aliyefuata, wa saba wake alikuwa na chuchu tatu. Huyo alipata nyekundu. Wa kijani hubaki, wa nyekundu hupanda lori la Alhamisi, yaani kesho yake.

"Zamani tulikuwa tunabahatisha tu, mzazi mwenzangu," mzee alimweleza fundi kwa upole.

Fundi alimwomba bintiye waende kuoga, maana jua lilikuwa kali. Bafuni alimsugua mgongo kama alivyomsugua utotoni. Katikati ya mabega palikuwa na mstari mwekundu, upana wa vidole vitatu. Alitumia sabuni, kisha mafuta ya taa, kisha jiwe la kusugulia miguu. Haukufifia.

"Lini?"

"Juzi Jumatatu. Jeli ya kupimia ilibaki. Baba akasema tuangalie tu."

"Mkaona nini?"

Walimwona msichana. Ndani ya msichana, msichana. Wote saba, mvulana hata wa dawa hakuna. Wa saba alikuwa mezani, amevaa miwani, anaandika. Aliinua kichwa, akamtazama mzee, akaendelea kuandika.

"Na mumeo alikuwa wapi?"

"Alishika waya."

Fundi alimkuta mzee barazani anakunywa chai na mwanawe.

"Mzazi mwenzangu, mwanangu si ng'ombe."

"Nani kasema ni ng'ombe? Ng'ombe sijamkaribisha chai hata siku moja." Alimsogezea kikombe. "Mashine haina chuki na mtu."

Mume wa binti alikuwa anahesabu vifungo vya shati lake. Shati lenyewe alishonewa na fundi.

Asubuhi lori lilifika. Dereva alipita akikagua migongo, karatasi mkononi.

"Nimeandikiwa nyekundu kumi na moja. Naona kumi."

Binti alitoka na begi lake. Dereva alimtandikia majani makavu pembeni, mbali na yule ambaye wa saba wake ana chuchu tatu, kwa sababu alikuwa na teke la ghafla.

"Na wewe mama? Bila rangi siruhusiwi kukupakia."

Fundi alifungua vifungo viwili vya gauni, akashusha bega. Mstari wake ulikuwa umechakaa kwa miaka ishirini na sita, umebaki rangi ya tofali. Yeye hakupimwa na mashine yoyote. Mama mkwe wake alimtazama mara moja, kutoka upande wa pili wa chumba, basi.

"Panda," alisema dereva.

Aliwashusha mlangoni kwa fundi, akaendelea na ng'ombe machinjioni. Mtoto alizaliwa msichana, mzima, mgongo safi. Kule shambani wameshaoa mwingine, wa kijani, na majirani wanakuja kuazima mashine.

Kwa wenye mabinti, ya kuzingatia ni haya:

Asishike waya wa mashine ya ukweni.

Asikubali jeli iliyobaki, hata akiambiwa ni kuangalia tu.

Uvumi ukikufikia usingoje siku ya nne.

Usipoteze mafuta ya taa. Rangi haitoki.

Usiache kumkagua mtoto mgongo kila asubuhi, hata kama nyumba mnayokaa haina mashine. Hasa kama haina.