Kabini Isiyo na Dirisha

Fundi mitambo alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye meli ya watalii. Likizo hii alipanda meli hiyo hiyo kama abiria, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Watoto walishinda kwenye bwawa la kuogelea, lakini jioni kitindamimba akamng'ang'ania: "Baba, tuonyeshe ulikokuwa unalala."

Mwenzake wa zamani kazini akawafungulia mlango wa wafanyakazi. Wakashuka ngazi hadi chini kabisa, kwenye kabini yenye kitanda cha ghorofa na harufu ya mafuta ya mashine. Kitindamimba akajilaza, akapapasa ukuta.

"Mbona hakuna dirisha? Ulikuwa unajuaje kama kumekucha?"

"Mama yenu alikuwa ananipigia simu."

Mkewe akageuka. Alikuwa akimpigia kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na kwa jinsi alivyojibiwa kwa sauti nzito ya usingizi, akajiona msumbufu. Mwishowe akapunguza simu hizo.

"Si ungeniambia kwamba unazihitaji," alisema taratibu.

"Niliona haya."

Mtoto mkubwa akacheka. Mama yake hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamvuta mumewe akae karibu naye, na hakuna aliyetaja kurudi juu.