Giza la Mwaka 1747

Niliota usiku wa jana nimesimama katika mji mmoja wa Uingereza, mbele ya nyumba ndefu ya matofali mekundu, nimebeba pazia begani. Mimi nauza mapazia Tanga. Mdogo wangu Mwantumu anafanya kazi ya kutunza wazee huko Uingereza, na amepanga chumba cha nyuma katika nyumba hiyo. Chumba hakina dirisha. Siku hizi akinipigia simu anakohoa zaidi kuliko anavyozungumza, nami nilikuwa nimekwenda kumtobolea dirisha, basi.

Nyumba ilikuwa na sura ya mtu mzima. Madirisha ya mbele yamepangwa sawasawa, mlangoni nguzo mbili nyeupe. Nikaiamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba," uso wa nyumba ukaitikia kwa majivuno. "Futa miguu."

Nafungua mlango. Ndani ni duka langu la Tanga, na Waingereza wamepanga foleni wananunua kamba.

"Kamba za nini?"

"Za kuzuia watu wasikalie viti vya kale," wananijibu. Viti vyenyewe vimesimama mwisho wa foleni, vimechoka.

Napita. Mlango wa stoo unanitoa chumbani kwa Mwantumu. Giza tupu. Nasikia kikohozi kabla sijamwona mwenyewe.

"Kaka, umefika? Angalia usikanyage sufuria."

Napapasa ukuta. Dirisha lipo! Fremu ipo, kizingiti kipo, ila katikati limejazwa matofali.

"Zamani serikali yao ilitoza kodi ya madirisha," Mwantumu akanieleza. "Mwenye nyumba akaliziba asilipe. Kodi ilishafutwa, dirisha likasahauliwa."

"Basi tunalizibua sasa hivi."

"Hapana, bwana," ikasema sauti kutoka juu. Bomba la moshi likashuka kutoka paani, limevaa tai, likajitambulisha kuwa ndilo Afisa Hifadhi wa Majengo ya Kale. "Nyumba hii inalindwa na sheria, pamoja na vyote vilivyomo. Giza hili ni la mwaka 1747. Ni giza la asili, halijawahi kukarabatiwa."

"Mdogo wangu anaumwa."

"Tumemsikia. Kikohozi chake kinapatana sana na chumba. Leo tunakiandikisha. Kikishagongwa muhuri, kupona ni kosa la jinai."

"Na yeye mwenyewe je, mnamlinda?"

Afisa akamtazama Mwantumu kwa huruma ya kiofisi. "Huyu ni wa juzi tu."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawa ya moto. Kwetu nyumba ikichakaa tunaipiga chokaa, mtu akiumwa ndipo tunakosa usingizi. Hawa wamegeuza, na wanavaa tai kabisa wanapofanya hivyo.

Afisa anatoa muhuri. Anaupulizia masizi. Mwantumu anaziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika, na kikohozi kinatoka vilevile.

Hapo ukaingia uso wa nyumba. Ulikuwa umejibandua kutoka barabarani ili uje kushuhudia, na nguzo zake umezishika mkononi.

"Mimi ndiye mkubwa hapa," ukasema. "Naridhia. Gonga."

"Nani mkubwa?" ikauliza sauti kavu ya mbao.

Nikageuka. Bila ule uso, nyumba ilibaki wazi, nikaiona ilivyo: maboriti yaliyopinda, fito, na udongo uliokandikwa. Nyumba ya miti na udongo! Kama ya bibi yetu kule Muheza, ile waliyoibomoa wataalamu kwa sababu haikuwa ya kisasa.

"Wewe ulibandikwa juu yangu," maboriti yakauambia uso, "ili wapita njia wasinione mshamba. Wakati ule mimi nilishatimiza miaka mia mbili. Leo unaitikia marahaba nami nipo?"

Uso ukawa mwekundu, ingawa ulikuwa mwekundu tangu mwanzo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikaona upenyo. "Shikamoo, mzee," nami nikasema. "Hili dirisha, wewe ulijengwa nalo?"

"Nalo, tena wazi. Jua lilikuwa likiingia humu kabla giza hili halijazaliwa."

Nikamgeukia Afisa. "Anayelindwa ni nani, mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa," akajibu, masizi yakimtiririka shingoni. "Sheria iko wazi."

"Basi giza ni dogo kwa mwanga. Na liamkie."

Afisa akaurudisha muhuri mfukoni polepole. Giza likainuka kutoka kona zote nne, likajikung'uta, likayaelekea matofali na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mwanga ukaitikia kutoka nje. "Hebu nipishe."

Matofali yakasogea pembeni kama watu wanaompisha mgeni kwenye mkeka. Giza likachukua viatu vyake, likatoka kwa adabu, mwanga ukaingia. Sikuwahi kuona uso wa Mwantumu umekonda vile. Niliumia sana.

Simu ikaniamsha. Mwantumu, kwa video. Siku zote huwa ni sauti tu ndani ya weusi. Leo, chumbani mulemule, namwona mpaka kovu la nyusi, amefinya jicho moja, kiganja kimekinga paji la uso.

"Kaka, nitakupigia baadaye," akasema, kwa pumzi moja, bila kukohoa. "Jua linanichoma macho."